Nauli ya mtoto mmoja: nimpeleke mwenye matege au mwenye magoti yanayogongana?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naishi Usa River na nina watoto wawili. Wa kwanza ni binti wa miaka minne na miezi mitatu. Magoti yake yanagongana akitembea, wenzake wanamcheka, na akikimbia haishi kuanguka. Wa pili ni mvulana wa miaka miwili na mwezi mmoja, yeye ana matege. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa tu, tukafurahi sana. Sasa ana kilo 15, na mguu wa kushoto naona umepinda kuliko wa kulia. Mama mkwe anamkanda kwa mafuta kila usiku na kumfunga miguu kwa kanga, tena anasema tumfukie mchangani hadi kiunoni kama alivyomfanyia baba yake. Duka la dawa walinipa kalsiamu ya maji. Jirani anauza viatu vya kunyoosha miguu. Sitaki mwanangu yeyote apasuliwe. Nauli niliyo nayo ni ya kumpeleka mmoja Moshi. Nimpeleke yupi, na kuna tiba gani isiyo ya kisu?

JIBU: Marahaba, dada. Mpeleke wa kiume, tena ndani ya wiki mbili tatu hizi. Binti mwache kwanza na bibi yake. Nitakueleza namna ya kumpima hapo hapo nyumbani kwa futi ya fundi cherehani.

Najua huenda ulitarajia kinyume. Binti ndiye anayechekwa na ndiye anayeanguka, na mvulana kila mtu anakwambia "atanyooka tu, watoto wote huwa hivyo". Wanaosema hivyo hawakosei kuhusu watoto wengi. Shida ni umri wake na ule mguu wa kushoto.

Mtoto huzaliwa na matege. Tumboni alikaa miezi kadhaa amejikunja, na anapotoka goti lake huwa limepinda kwa nje nyuzi 10 hadi 15. Anapokaribia mwaka mmoja na nusu hadi miwili, miguu hunyooka. Hapo ndipo wazazi wanapodhani safari imekwisha, kumbe bado: miguu huvuka mstari na kupinda upande wa pili, magoti yakagongana. Kilele cha kugongana huko ni kati ya miaka mitatu na minne, kisha kidogo kidogo hurudi, na mtoto akifika miaka sita au saba anakuwa na miguu atakayokwenda nayo ukubwani, ambayo kwa kawaida imeingia ndani kwa nyuzi chache tu. Njia hii waliichora vizuri watafiti wawili wa Ufini, Salenius na Vankka, mwaka 1975, na hadi leo daktari wa mifupa ya watoto akimtazama mtoto huwa anajiuliza swali moja kabla ya mengine: huyu yuko wapi kwenye njia ile?

Binti yako, kwa miaka minne, yuko kileleni. Huko ndiko anakotakiwa kuwa. Mvulana wako, kwa miaka miwili na mwezi, alitakiwa awe amenyooka au amekaribia kunyooka. Yeye bado ana matege, tena unasema upande mmoja umezidi mwingine. Mwili ukijinyoosha wenyewe huinyoosha miguu yote miwili kwa pamoja. Kama mmoja umebaki nyuma, kuna kitu kinauzuia, na lazima kitafutwe.

Tumalize ya binti. Mlaze chali kitandani, miguu imenyooka, pia za magoti zikitazama dari, magoti yakigusana kidogo bila kubanwa. Pima nafasi iliyopo kati ya vifundo viwili vya miguu, ile mifupa inayochomoza kwa ndani. Andika namba na tarehe nyuma ya kadi yake ya kliniki. Kisha mpige picha kwa simu akiwa amesimama, kaptula fupi, pia za magoti zikikutazama wewe. Rudia kila baada ya miezi minne, mahali pale pale, umbali ule ule. Macho ya mama yanamwona mtoto kila siku, kwa hiyo hayaoni mabadiliko. Picha mbili zilizowekwa pamoja huonyesha. Nafasi ikizidi sentimita 8, au mguu mmoja ukaingia kuliko mwingine, au akawa mfupi kupita kiasi kwa umri wake, au analalamika maumivu na kuchechemea, mlete. Vilevile akifika miaka saba na bado yanagongana kama sasa. La sivyo muache akimbie, aanguke, ainuke. Kiatu cha jirani asinunuliwe.

Sasa mvulana. Neno lenyewe "matege" limetuponza. Kwa Kiswahili tunaita matege umbo la mguu uliopinda, na papo hapo tunaita matege ule ugonjwa wa mifupa laini unaotokana na upungufu wa vitamini D na kalsiamu. Matokeo yake mama akisema dukani "mtoto ana matege", anapewa chupa ya kalsiamu, kana kwamba kila mguu uliopinda una njaa ya kalsiamu. Mguu wa mwanao unaweza kuwa umepinda kwa sababu nne, na kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja haisaidii nyingine. Nitaanza na ninayoihofia zaidi.

Ninayoihofia ni ugonjwa wa Blount, uliopewa jina la Walter Blount, daktari wa Milwaukee kule Marekani, aliyeueleza mwaka 1937. Humpata zaidi mtoto mwenye asili ya Kiafrika, aliyetembea mapema, mwenye uzito mkubwa. Soma tena barua yako: miezi tisa, kilo 15, na mguu mmoja umezidi. Sisemi anao. Nasema amevaa nguo zake zote.

Unavyofanya kazi ni hivi. Juu ya mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, kuna gegedu jembamba ambalo ndilo kiwanda cha urefu. Gegedu hili lina tabia moja iliyojulikana tangu karne ya kumi na tisa: likibanwa sana, hupunguza kazi, likiachiwa, huchapuka. Mtoto mzito anayesimama mapema akiwa bado na matege yake ya kuzaliwa anakandamiza upande wa ndani wa gegedu. Upande wa ndani unadumaa, wa nje unaendelea kukua, mguu unapinda zaidi, na kwa sababu umepinda zaidi, upande wa ndani unabanwa zaidi. Ni duara linalojilisha lenyewe. Ndiyo maana matege haya hayangoji. Kila mwezi wa kutembea unayaongeza.

Utajuaje? Kwa macho, mtazame akitembea kutoka nyuma. Akikanyaga mguu wa kushoto, je, goti linachomoka ghafla kwa nje kama mlango uliolegea bawaba? Hiyo ni dalili mbaya. Kwa uhakika, ni eksirei. Daktari hupima pembe fulani juu ya muundi. Ikiwa chini ya nyuzi 11 hivi, karibu kila mara mguu utanyooka wenyewe. Ikizidi 16, ni Blount karibu na hakika. Iliyo katikati tunairudia baada ya miezi mitatu hadi sita. Chini ya miaka miwili picha hii hudanganya, na ndiyo maana mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye matege sawa pande zote namrudisha nyumbani bila kumpiga picha. Wa kwako amevuka hapo.

Tiba isiyo ya kisu ya Blount ni brazi: kifaa kirefu kinachoshika kuanzia paja hadi wayo, kinachosukuma goti kuelekea ndani ili ule upande uliobanwa upumue. Ukielewa habari ya gegedu utaelewa pia kwa nini brazi lazima ivaliwe mtoto anaposimama na kutembea. Wazazi wengi huivalisha usiku kwa sababu mchana mtoto analia, kisha wanashangaa haifanyi kazi. Usiku hakuna uzito wa kuupunguza. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na sijaona mahali methali hii inapokaa vizuri kuliko kwenye brazi. Wiki mbili za kwanza ni vilio, wiki ya tatu anacheza nayo mpira. Kazi yako ni kukagua ngozi kila jioni, hasa kwa joto letu: ukiona wekundu usiopotea baada ya nusu saa, rudi kwa fundi alegeze. Mtoto anakua, kwa hiyo brazi nayo hurekebishwa au kubadilishwa.

Lakini brazi ina dirisha lake, na dirisha ni dogo. Hufaa ugonjwa ukiwa katika hatua za mwanzo na mtoto hajafika miaka mitatu. Tunaipa takriban mwaka mmoja. Nikwambie ukweli, hata sisi wenyewe tunabishana ni watoto wangapi brazi imewaponya na wangapi wangepona hata bila hiyo. Na wanaofeli wengi ni wazito sana au wenye ugonjwa miguu yote miwili. Hata hivyo kwa mtoto wa umri wa mwanao mimi ningeiweka, kwa sababu gharama ya kujaribu ni ndogo kuliko gharama ya kukosa.

Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka mitano ambaye kwa miaka miwili alikuwa akinunuliwa viatu vya kunyoosha, jozi baada ya jozi, na kila jozi ilikuwa ghali kuliko iliyotangulia. Mama yake alikuwa na risiti zote. Alipofika kwangu brazi haikuwa na kazi tena. Hilo ndilo ninalokimbizana nalo kwako: una miezi kumi na moja kabla hajafika mitatu.

Na kwa kuwa umesema hutaki kisu, nisikufiche. Mtoto mwenye Blount akifika miaka minne na mguu bado umepinda, tunapasua, na matokeo ya miaka minne ni mazuri kuliko ya miaka minane, maana gegedu likishaungana na mfupa upande wa ndani, mguu hupinda tena hata baada ya kunyooshwa. Anayekimbia kisu akiwa na mtoto mdogo mara nyingi hukutana nacho baadaye kikiwa kikubwa zaidi.

Sababu ya pili ni mifupa laini, matege ya ugonjwa. Hii ndiyo ninayoipenda, kama daktari anaweza kupenda ugonjwa, kwa sababu mguu uliopinda unanyooka mbele ya macho yako kwa dawa na chakula. Dalili zake hazikai gotini peke yake. Shika kifundo cha mkono cha mwanao: ni kipana, kama amevaa bangili chini ya ngozi? Pitisha vidole mbavuni, pale zinapokutana na kifua: kuna vinundu vilivyopangana kama rozari? Utosi ulichelewa kufunga, meno yalichelewa, alichelewa kutembea, anaugua kifua mara kwa mara? Wako alitembea miezi tisa, jambo linaloniambia huenda si huyu. Mtoto wa mifupa laini kwa kawaida huchelewa. Ila lazima ipimwe, kwa damu na kwa picha ya kifundo cha mkono au goti, kwani ndiyo inayotibika kwa urahisi kuliko zote.

Ikithibitika, mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2016 unasema mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja apewe vitamini D yuniti 3,000 hadi 6,000 kwa siku kwa angalau miezi mitatu, pamoja na kalsiamu isiyopungua miligramu 500 kwa siku kutoka kwenye chakula au dawa. Ni viwango vya kutibu, vinavyosimamiwa na daktari. Vitamini D ikizidi huwa sumu: kutapika, kufunga choo, kukojoa sana, figo kuharibika. Nimeona watoto waliochomwa sindano kubwa mara tatu na watu watatu tofauti, kila mmoja hajui habari za mwenzake. Kwa hiyo ile chupa ya dukani nenda nayo, isomwe ina nini ndani.

Watu huuliza, mbona jua tunalo tele na bado watoto wanapata ugonjwa huu? Wengine wamefungiwa ndani mchana kutwa na msaidizi wa nyumbani anayeogopa barabara. Wengine wamefunikwa. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo, ndiyo sababu watoto wachanga hushauriwa kupewa matone ya yuniti 400 kwa siku mwaka wa kwanza. Lakini kwetu Afrika mara nyingi kinachokosekana ni kalsiamu yenyewe. Utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wenye matege waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D pekee. Mtoto aliyeachishwa maziwa akawa anakula uji wa mahindi asubuhi, ugali mchana na ugali usiku, hata akicheza juani kutwa, hana matofali ya kujengea. Dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao, maziwa au mtindi, sukuma wiki: haya ni matofali. Mchicha tunausifia sana, lakini kalsiamu yake imefungwa na asidi iliyomo humo humo, na mwili haupati nyingi.

Dawa ikifanya kazi, eksirei huonyesha mstari wa kupona ndani ya mwezi hivi. Mguu wenyewe huchukua muda, mwaka hadi miaka miwili, kwa kuwa lazima mfupa ukue ndipo unyooke. Ikipita miezi mitatu bila picha kubadilika na dawa ilitumiwa sawasawa, usikubali kipimo kiongezwe maradufu. Omba wapime fosfeti kwenye damu. Kuna matege ya kurithi ambayo mwili unamwaga fosfeti kwenye mkojo. Haya hayajali vitamini D ya kawaida na yana tiba yake ya pekee, ya muda mrefu. Aina iliyo ya kawaida zaidi mvulana huirithi kwa mama, si kwa baba, kwa hiyo mama akiwa mfupi mwenye matege, mwambie daktari. Na hapa nauliza: wewe mwenyewe, dada, una urefu gani, na miguu yako ikoje?

Sababu ya tatu nisingeiandika kama ungekuwa unaishi Mbeya au Tanga mjini. Unaishi Usa River, chini ya Mlima Meru. Maji ya ukanda wenu, hadi Maji ya Chai na Ngurdoto, hupita kwenye miamba ya volkano na mengi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, mengine mara kadhaa. Sote tunajua meno ya kahawia. Wasichojua wengi ni kwamba floraidi nyingi huingia kwenye mfupa pia, na watoto wanaokunywa maji hayo tangu wadogo, hasa wanaokula kalsiamu kidogo, miguu yao hupinda, wengine kwa nje, wengine kwa ndani. Tazama meno ya watoto wakubwa wa hapo kwenu, wa miaka nane au tisa, wanaochota kisima kimoja nanyi. Yakiwa na mabaka ya kahawia, una jibu kuhusu kisima.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo unaikoleza. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana kabisa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo jirani yenu, kimekuwa kikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vinavyoikamata, waulize. Kama maji safi ni machache, yatengewe watoto kwanza, ya kunywa na ya kupikia. Ya kufulia na kuoga hayana neno. Na magadi, dada. Magadi ya kulainishia maharage na makande yana floraidi nyingi. Najua makande bila magadi yanakula kuni, lakini loweka usiku kucha, na chungu cha watoto kisitiwe magadi. Hili lifanye leo, kabla hata ya safari, na kwa wote wawili.

Ya nne ni mguu ambao haukupinda, umejizungusha. Muundi umegeuka kwa ndani, vidole vinatazamana, na mtoto akisimama pia ya goti inatazama nje, basi kwa mbele anaonekana ana matege. Ndiyo maana nimekazania picha ipigwe pia za magoti zikikutazama. Huu hujirekebisha wenyewe kadiri anavyokua, hauhitaji kiatu wala kamba.

Tumekuja kwa mama mkwe. Usigombane naye. Wazo lake ni la zamani na lina heshima: mwaka 1741 daktari mmoja Mfaransa, Nicolas Andry, aliyetunga jina la taaluma yetu kutoka maneno ya Kigiriki ya "nyoofu" na "mtoto", alichapisha picha ya mti mchanga uliopinda, umefungwa kwa kamba kwenye nguzo. Hadi leo mti ule ni nembo ya madaktari wa mifupa duniani. Kwa hiyo bibi na sisi tumetoka shina moja. Akikwambia samaki mkunje angali mbichi, mwambie daktari amesema hivyo hivyo, ila kanga haikunji mfupa. Inavuta kano za upande wa ndani wa goti, zile zinazolishikilia lisiyumbe, na usiku mtoto hana uzito miguuni. Mafuta na kukanda hakuna ubaya, mtoto anapenda mikono ya bibi. Aendelee, kanga ifunguliwe. Na asije akamfunga hivyo mtoto mchanga yeyote, miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja, kwani nyonga changa hutoka mahali pake. Mbeleko, ambayo watu huilaumu bure kwa matege, huweka nyonga vizuri. Nepi nayo haina kosa.

Kuhusu mchanga, baba yake alinyooka, hilo sibishi. Pengine alifukiwa akiwa na mwaka mmoja na nusu, akanyooka akiwa na miaka miwili na nusu, na mchanga ukapata sifa ya kazi ya mwaka mzima ya mwili wake mwenyewe. Viatu vya jirani hupata sifa kwa njia ile ile.

Kidogo kwa wasomaji wengine, maana barua zimekuwa nyingi. Mtoto akizaliwa goti limekunjwa kwa mbele, kidole cha mguu kinaelekea usoni, usingoje arobaini: afungwe hogo, yaani plasta ngumu, siku za mwanzo, libadilishwe kila wiki goti likikunjwa pole pole, na nyonga zake zikaguliwe, kwa kuwa mara nyingi nazo zimetoka. Wengi wa hawa hawapasuliwi wakiwahi. Goti lililokakamaa likiwa limekunjwa, baada ya kuungua au kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, nalo hunyooshwa kwa hogo za kufuatana na mazoezi. Na mtoto aliyevunjika muundi karibu na goti, ukaunga vizuri, kisha baada ya miezi mguu ukaanza kuingia ndani, wazazi wasikimbilie kumlaumu aliyefunga hogo. Jambo hilo linajulikana, na kwa kawaida hujinyoosha ndani ya miaka michache. Ila goti lenye homa, uvimbe na mtoto kukataa kukanyaga, hilo ni la hospitali usiku huo huo.

Uzito wa mwanao nao ni tiba. Usimnyime chakula. Punguza sukari kwenye uji, acha soda na juisi za pakiti, acha biskuti za kumnyamazisha, abaki na maziwa, dagaa, mayai, mboga na matunda. Lengo ni kwamba asiongezeke kwa kasi huku urefu ukimfikia.

Jambo la mwisho ni hiyo nauli. Usianzie Moshi. Arusha ni karibu zaidi kwako, na hospitali ya mkoa ya Mount Meru inapiga eksirei. Kwa sera, mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi kwenye hospitali za serikali. Uliza dirishani kabla ya kutoa pesa. Omba picha ya miguu yote miwili pamoja, mtoto amesimama, pia za magoti zikitazama mbele, kwa kuwa picha ya amelala inaficha kile tunachokitafuta. Beba kadi ya kliniki, chupa ya kalsiamu, na video fupi ya simu akitembea kuelekea kwako na kutoka kwako. Pembe ikiwa ya kutia shaka ndipo uende hospitali ya rufaa ya KCMC, huko Moshi, na picha mkononi. Hapo hapo kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo na vifaa tegemezi tangu mwaka 1981, na brazi hupimwa na kutengenezwa. Piga simu kwanza uulize siku ya kliniki ya mifupa ya watoto, usije ukafika Ijumaa ukaambiwa ni Jumanne.

Na kwa Arusha, ukimpakata mmoja na mwingine akasimama katikati ya magoti yako, huenda konda asikutoze mtoto yeyote.